Kopo la Vifungo

Jumamosi ile soko la Kimironko, jijini Kigali, lilikuwa limefurika, na Gwiza aliingia upande wa mafundi kwa kupotea tu; alikuwa akitafuta viazi. Aliyemwita alikuwa Shema, fundi mrefu mwenye shati la kijani alilojishonea mwenyewe, futi kamba ikining'inia shingoni.

“Dada, hiyo gauni nani alikushonea? Akuombe msamaha.”

Gwiza alijitazama. Gauni la bluu la hoteli ya Kiyovu, anakopokea wageni. “Hii ni sare.”

“Basi sare ikuombe msamaha. Kuja nikupime, bure.”

Akampima. Aliandika kwenye daftari: kiuno, sabini. “Inakubana?”

“Sijui,” Gwiza akasema, na alisema kweli.

Msidhani alikuwa akiringa. Moyo wa binti huyu ulikufa ganzi zamani, akiwa na miaka kumi na mitano, kule Karagwe alikokulia. Mama yake alifariki akimzaa mtoto wa tisa. Vidonge vya kupanga uzazi vilikuwepo kwenye kabati la zahanati, mwendo wa nusu saa, lakini baba alisema hivyo ni vya malaya, na nesi hakutoa bila idhini ya mume. Gwiza akaacha shule miaka miwili, akamlea kichanga, Ihirwe. Tangu hapo hakuwahi kulia, na kicheko chake kiliishia mdomoni.

Lakini Shema alikuwa king'ang'anizi.

“Umekula, mukunzi, kipenzi changu?” aliuliza kwenye simu kila mchana.

“Nimekula.”

“Umenikumbuka?”

“Nadhani.”

“Nadhani! Basi na mimi nadhani nakupenda, sha.”

Mwezi wa tatu tangu wajuane, mapenzi yao yalivuka maneno. Kabla hayajavuka, Gwiza alikuwa ameshakwenda kliniki. Nesi alimpa pakiti ya vidonge ishirini na nane, akamweleza kwamba dawa hiyo ina zaidi ya miaka sitini duniani, na kwamba ile ya kwanza kabisa ilikuwa kali mno. Aliongea kwa furaha, kama anayesifia mtoto wake. Hakumtaka Gwiza alete ruhusa ya mtu. Gwiza akatia sahihi yake mwenyewe, akaitazama kwa muda, akaondoka. Kila jioni alimeza kimoja kwa chai. Hakumwambia Shema. Hakuwa akimwogopa; hakuona kwamba ni habari ya kuambiana.

Mwezi wa nane Shema alinunua kitenge chekundu ili amshonee gauni la kuvaa siku wazee watakapokwenda kumposa. Akampima upya. Kiuno, sabini na tano. Kifua nacho kimeongezeka. Alitazama daftari, akamtazama Gwiza. Labda ni vidonge, labda ni chapati za kantini ya hoteli, sisi hatujui. Shema yeye alijiona anajua: ni mimba. “Mteja hudanganya, futi haidanganyi,” ndiyo ilikuwa kauli yake ya kazi. Na kwao mimba changa haitajwi. Kwa hiyo alinyamaza, akakata gauni lenye nafasi kubwa tumboni, akaenda nyumbani Kagarama akicheka peke yake.

Jumatatu simu ya Gwiza ililia mapokezini. Alikuwa Mukagasana, mama yake Shema.

“Mwanangu, usibebe ndoo tena. Na maziwa, kunywa. Shema ameniambia kwa macho tu, lakini mama ni mama.”

Gwiza alielewa polepole. Jioni alikwenda kwa Shema, akaiweka pakiti juu ya cherehani.

“Hakuna mimba.”

Shema aliigeuza pakiti. “Hii unakunywa tangu lini?”

“Tangu mwanzo.”

“Miezi yote hiyo unanificha? Hutaki mtoto wangu?”

“Sitaki sasa.”

“Utataka lini?”

“Sijui, Shema. Mama yangu hakuulizwa hata mara moja. Mimi nimejiuliza, na bado sijajijibu.”

“Sema hata kwamba unanipenda!”

Gwiza alilitafuta neno hilo ndani yake. Alikuta kimya. Shema akakunja kitenge, akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Siku kumi na mbili zikapita. Gwiza alipokea wageni, akatabasamu, akala, akameza kidonge chake. Alijua kwamba anampoteza mwanamume pekee ambaye yeye anamtaka, na hata hilo alilijua kwa mbali, kama habari ya redio ya jirani.

Siku ya kumi na tatu Mukagasana akapiga tena.

“Gwiza, Shema amenieleza ya vidonge vyako, nami nimemwambia yangu. Ameketi kwenye ngazi kama mtu aliyeibiwa.”

“Umemwambia nini, mama?”

“Kwamba yeye ni bucura wangu, kitinda mimba, kwa sababu gani. Amekua akisikia kwamba Mungu alifunga kizazi changu. Mungu alikuwa na msaidizi! Tulikuwa Bukoba, nina watoto saba. Nesi mmoja, Illuminée, alinipa vidonge bila kumwuliza mzee. Nikaficha kwenye kopo la vifungo, chini ya cherehani ya mume wangu. Miaka tisa fundi amekalia vidonge vyangu!” Alicheka, kisha sauti ikashuka. “Nilikuwa naogopa kila akitafuta kifungo. Wewe usiishi hivyo.”

Jumamosi, saa tisa alasiri, Shema alibisha hodi kwa Gwiza, Kibagabaga. Mkononi gauni jekundu na kopo lililochakaa rangi.

“Vaa,” alisema.

Gauni lilikuwa limepunguzwa tumboni. Pembeni, kwa nje, palikuwa na mfuko mdogo wenye kifungo cha mfupa.

“Mfuko wa nini?”

“Wa pakiti yako. Kifungo kimetoka humu, kopo la mama. Yeye alificha. Wewe iko kwa nje, hata mimi nione.”

Gwiza alishika kifungo. “Na nikizaa mmoja tu?”

“Nitashona nguo ndogo moja.”

“Na nisipozaa?”

Shema alifungua kopo, akalifunga. “Itaniuma. Sitakudanganya. Lakini wazee nitawatuma hivyo hivyo, ukisema ndiyo, ukisema yego.”

Akachukua futi, akaizungusha kiunoni mwa Gwiza kwa mazoea. “Inakubana?”

Gwiza alifungua mdomo aseme sijui. Machozi yakatangulia, ya miaka kumi na sita, yakalowesha kitenge kipya.

“Inabana,” alisema, na mkono wake ulikuwa kifuani, si kiunoni penye futi. “Yego, Shema. Inabana sana.”