Malori ya Njia ya Mgongoni

Saa sita mchana duka la fotokopi lililo mkabala na ofisi ya barabara huwa halina pa kuweka mguu. Siku hiyo wanafunzi walikuwa wanatoa kopi za vyeti, wakili mmoja alikuwa anafoka kwa kurasa zilizotoka nusu, na mashine moja kati ya mbili ilikuwa imegoma. Katikati ya foleni alisimama dada mmoja mwenye sketi ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri na viatu vizito vya kupandia milima, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule kama mtu aliyebanwa. Hakuwa amebanwa, ndivyo alivyoumbwa. Mama yake alimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na jina hilo lilimganda mpaka ofisini.

Mbele yake alikuwepo kaka mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, kucha zina grisi isiyokubali sabuni. Alikuwa anatoa kopi za ramani aliyoichora mwenyewe kwa kalamu. Kiguu alichungulia bila haya.

"Hapo umewadanganya watu," alisema.

Kaka akageuka. "Samahani?"

"Hii njia ya bondeni umeiandika 'tulivu'. Ina malori mia mbili kwa siku, yote ya kokoto. Mtu ukimpeleka huko kwa baiskeli, utamrudisha kwa machela."

"Umeyahesabu?"

"Ndiyo kazi yangu. Nahesabu magari."

"Mimi ni fundi baiskeli. Jumamosi na Jumapili nawatembeza watu milimani, kwenye njia ambazo magari hayapiti. Bondeni nilipita Jumapili iliyopita, nikasikia ndege tu."

"Jumapili machimbo hufungwa, Fundi."

Fundi aliitazama ramani yake, akamtazama yeye, akaikunja. "Basi nitafutie njia ya kweli. Na mimi nitakupandisha mlima."

"Hiyo ni zawadi au adhabu?"

"Utaniambia tukifika juu."

"Jamani, oaneni huko nje," wakili alisema nyuma yao. "Wenzenu tuna kesi saa nane."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Fundi akaiandika namba yake nyuma ya ramani, na Kiguu akajifanya anaipokea shingo upande.

Jumamosi walikutana nje ya mji kabla jua halijawa kali. Fundi alimletea baiskeli ya bluu yenye gia nyepesi. Kiguu naye alileta jibu lake, na jibu lilikuwa njia ya mgongoni, barabara nyembamba inayopita juu ya vilima, kilima kikiisha kingine kinaanza, mikaratusi upande huu na mashamba ya ngazi upande ule. Kwa saa mbili nzima walipishana na pikipiki moja na mwalimu mmoja mwenye baiskeli iliyobeba madaftari.

"Usishindane na mlima," Fundi alimwambia. "Pumua kwanza, kanyaga baadaye."

"Unasema hivyo kwa sababu una mapaja ya punda."

"Umeyaona mapaja yangu?"

"Yako mbele yangu tangu asubuhi, nifumbe macho nianguke?"

Fundi alicheka mpaka baiskeli ikayumba. Walipofika juu kabisa, jasho likimtiririka hadi kwenye viatu, Kiguu alisikia kitu ambacho hakuwa amekisikia kwa miaka. Miguu yake ilikuwa imetulia. Alimpenda Fundi palepale, na hakuna haja ya kuzungukazunguka kulisema.

Miezi minne ikapita. Wapenzi wengine hukaa kwenye mikahawa wakishikana mikono; hawa wawili hawakuwahi kukaa kwenye viti zaidi ya nusu saa. Fundi akimaliza chai ananyanyuka, Kiguu kashatangulia mlangoni. Simu zao nazo zilikuwa za mwendoni, huyu anahema, yule anapiga kelele kuushinda upepo.

"Mwanangu, huyo naye hatulii kama wewe?" mama yake aliuliza.

"Ananizidi, mama."

"Sasa atabaki nani nyumbani?"

Kiguu alicheka, lakini swali lilimwingia. Mtu asiyeweza kumaliza kikombe akiwa amekaa, siku moja si atanyanyuka aondoke moja kwa moja? Yeye mwenyewe, asubuhi fulani, si anaweza kufanya hivyohivyo? Alilifukia swali hilo chini ya kazi.

Na kazi ikaja. Wenye malori walikuwa wanadai kwamba wameshaanza kukatiza njia ya mgongoni. Ofisi ikaamua kwamba malori yakifika thelathini kwa siku, barabara ile itapanuliwa, mikaratusi ikatwe, vilima vichongwe. Kiguu akatumwa kutandaza mashine yake, yaani mipira miwili myembamba inayolala kukatiza barabara na kisanduku cha chuma kilichofungwa kwenye nguzo. Kila tairi likikanyaga, kisanduku kinaandika.

"Usiwe na wasiwasi," alimwambia Fundi kwa simu. "Ni kutimiza utaratibu tu. Huko kuna malori gani?"

"Na baiskeli zinaandikwa?"

"Kila kinachokanyaga. Ukipita nitakuona."

"Basi nitapita nikuamkie."

"Niamkie sana, mpenzi wangu."

Fundi alikuwa mtu wa kuchukua maneno kama yalivyo. Wiki nzima, kila alfajiri ilipopambazuka, aliwachukua waendesha baiskeli wake, wao kumi na mmoja na yeye wa kumi na mbili, akawapandisha na kuwashusha palepale penye mipira, wamefuatana tairi kwa tairi. Hakuwaambia sababu. Walidhani ni mazoezi.

Kisanduku kiliporudi ofisini, Kiguu alikuwa na safari ya daraja fulani na gari linamsubiri nje. Alisoma ukurasa wa jumla. Malori arobaini na nane kwa siku. Akataka kufungua kurasa za ndani, zilikuwa tisini. Dereva akapiga honi. Labda wenye malori walisema kweli, akajiambia, akatia sahihi akiwa amesimama. Kumwambia Fundi akaahirisha hadi kesho, na kesho yake, na kesho kutwa.

Baada ya wiki mbili tangazo la kupanua njia ya mgongoni lilibandikwa ukutani nje ya ofisi. Simu ililia saa nne asubuhi.

"Nimesoma," Fundi alisema. Hakuwa anahema. Alikuwa amesimama mahali fulani, na hilo lilimtisha Kiguu kuliko maneno. "Jina lako liko chini."

"Nilitaka kukuambia."

"Malori arobaini na nane? Mimi niko kule kila siku, sijaona hata manne."

"Mashine ndiyo imesema, Fundi, si mimi."

"Mashine haina sahihi. Ile njia tuliipanda wote. Umeipima ili uiue."

"Usiniite mwongo."

"Sikuiti chochote," alisema, akakata.

Wiki tatu hazikuwa na simu. Kiguu alizunguka mji mzima kwa miguu, akaondoka sokoni bila kununua, akaingia ofisini na kutoka kabla hajavua koti. Usingizi ulimkimbia, chakula kikamkinai. Mwisho aliwaza kwamba kama amemuudhi mtu kiasi kile, basi angalau ajue kwa malori yapi. Akafungua kurasa tisini, akajilazimisha kukaa.

Malori yote yalipita kati ya saa kumi na mbili na robo na saa mbili kasorobo asubuhi. Baada ya hapo, hakuna hadi siku ya pili. Yalipita matatu matatu, yamefuatana. Lori la kwanza lilikuwa na ekseli tisa, yaani mistari tisa ya magurudumu, la pili saba, la tatu nane. Tisa na saba kumi na sita, na nane ishirini na nne. Baiskeli ina mbili. Alizigawa kwenye karatasi, ingawa kichwani alishajua: kumi na mbili, Fundi na watu wake kumi na mmoja. Mashine ilikuwa imeyaona magurudumu yaliyobanana ikadhani ni malori. Mara nane kupanda, mara nane kushuka, kila siku, kwa sababu aliomba aamkiwe sana.

Akacheka peke yake, kisha akalia, kisha akaona kilichomsubiri. Mkataba wake wa majaribio ulibakiza mwezi mmoja. Akinyamaza, anathibitishwa kazini na vilima vinachongwa. Akisema, lazima aseme na sababu. Alipiga moyo konde, akagonga mlango wa mkuu wake, mzee mpole aliyekuwa ameanza kuhesabu siku za kustaafu.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo haya malori yana kengele."

"Ndiyo, mzee."

"Na kiongozi wa msafara ni mchumba wako."

"Alikuwa."

"Na ulitia sahihi bila kusoma."

"Hilo ndilo kosa langu. Wao hawana kosa."

Mzee alivua miwani. "Mwanangu, nitakuandikia barua ya onyo, na kuthibitishwa kutasogea miezi sita. Ningeweza kukufukuza, lakini aliyekuja kukushtaki ni wewe mwenyewe. Rudia kuhesabu. Siku tatu, kwa macho, umekaa. Ukinyanyuka ukaenda kuzurura, nitajua."

Jioni hiyo Kiguu alimpigia Fundi, akaeleza bila kupamba wala kumlaumu. "Nimesikia," Fundi alisema tu. Kiguu akajua yamekwisha.

Siku ya kwanza mgongoni ilimtesa. Alikaa juu ya jiwe, fomu magotini, miguu ikimwasha kama imepakwa upupu. Siku ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, mtu alitokea kwenye kona ya chini akitembea kwa miguu, shati jeupe limemganda mgongoni, viatu vya baiskeli mkononi.

"Baiskeli iko wapi?" Kiguu aliuliza, macho barabarani.

"Nimeiacha chini, kwa mwalimu. Nilizoeza tairi zangu kukuharibia, leo nimeona nije bila tairi."

"Fomu ina safu ya baiskeli. Ungepita tu."

"Sikutaka hata kupita." Akakaa chini, kwenye nyasi. "Nilikuita muuaji, na panga nilishika mimi."

"Hukuniita hivyo."

"Nilikuwa naelekea huko. Nisamehe."

Pikipiki ilipita. Kiguu akaitia alama. "Nilistahili nusu. Ningesoma kurasa zile siku ileile, tusingefika hapa."

Fundi akasema kwa sauti ya mtu aliyelifanyia mazoezi neno njia nzima. "Nataka kukuoa."

Vumbi lilikuwa linanyanyuka kwenye kona. Lori kweli, la kwanza siku hiyo. Kiguu akaliandika, akaangalia saa, akaandika na saa. "Nikikujibu sasa nitakosea kuhesabu," alisema. "Niulize saa kumi na mbili jioni."

"Hiyo ni saa tisa kutoka sasa."

"Najua."

Hakumwambia swali la mama yake, wala kwamba alitaka kuona kama atabaki. Jua lilipanda likawapiga utosini. Fundi alivunja vijiti, akavaa viatu, akafunga kamba akazifungua, akasimama mara nne na mara nne akakaa. Saa nane alitembea hadi kwenye kona, akabaki pale akitazama chini mji ulipo. Kiguu aliendelea kuandika. Baadaye alisikia nyasi zikilala, Fundi amerudi kukaa kando yake.

Saa kumi na mbili kamili alipiga mstari chini ya fomu. Malori matatu tu kwa siku zote tatu. Alisoma kila safu kutoka juu hadi chini, Fundi akishikilia karatasi isipeperuke, ndipo akatia sahihi.

"Nilidhani utaondoka saa nane," alisema.

"Nilitaka. Saa nane, saa tisa, na saa kumi kasorobo."

"Kwa nini hukuondoka?"

"Ningekwenda wapi, na wewe umekaa hapa?"

Kiguu alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, uso wenye vumbi, shingo iliyoungua. Ndani ya Kiguu mwenyewe hakuna kilichotulia, na hakuona tena sababu ya kukisubiri kitulie.

"Niulize," alisema.

Fundi akauliza, na akajibiwa ndiyo kabla hajamaliza.