Alihesabu Mpaka Ishirini

Begi la mpokezi wa hoteli lilikataa kutokea. Mkanda wa mizigo ulizunguka na kuzunguka, watu wakanyakua vyao wakaenda zao, mwishowe ukabaki unatembeza kigari cha mtoto na sanduku moja lililofungwa kamba. Yeye bado kasimama pale na gauni lake la maua ya njano alilolishona kwa ajili ya safari, viatu vipya vimemng'ata visigino. Akaenda kwenye kaunta ya mizigo iliyopotea. Kihispania chote alichokariri ndani ya ndege kikamkimbia, ikabaki "habari za asubuhi" tu, nayo ilikuwa jioni. Dada wa kaunta akamjibu maneno mia kwa pumzi moja.

Nyuma yake mtu akaguna. "Makubwa haya. Na langu nalo halijaja."

Mpokezi akageuka. Alikuwa kijana mrefu, koti la kuazima limemwishia juu ya viganja, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kaka, umesema nini?"

"Nimesema... ngoja kwanza. Wewe umenielewa?"

"Neno kwa neno."

"Basi nimepona," akasema, na kucheka kwake kukamfanya mpokezi asahau visigino.

Waliyapata mabegi yao kwa ishara za mikono na kuchora hewani, na kwenye basi la kwenda mjini midomo yao ilifunguka kama bomba lililovunjika koki. Kijana alikuwa fundi wa lifti. Kampuni yake ilikuwa imenunua lifti mpya ambazo vitabu vyake vyote ni vya Kihispania, na watengenezaji wake hawaongei kingine, kwa hiyo ametumwa akajifunze. Mpokezi naye akasimulia ya kwake: anakaa mapokezi kwenye hoteli kubwa, na vikundi vya wageni wa Kihispania vimeanza kumiminika. Waliposhuka, kila mmoja akatoa karatasi yenye anwani. Shule ilikuwa moja. Fundi alisema yeye hasemi kitu, anamwachia Mungu.

Kesho yake mkuu wa shule, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, aliwasimamisha wanafunzi wapya uani na kuwaapisha, mkono juu. Kwa muda wote wa masomo ni Kihispania tu: darasani, barabarani, mezani, hata kwenye nyumba za wenyeji walikopangiwa kulala. Lugha ya kwenu ni kwenye simu ya nyumbani, chumbani kwako, mlango umefungwa. Mkalimani akatafsiri, na hiyo ndiyo ikawa tafsiri yao ya mwisho.

Fundi aliapa huku anacheka. Mpokezi aliapa kama mtu anayefunga ndoa. Tusimlaumu mapema. Nyumbani kiti cha mkuu wa mapokezi kilikuwa wazi, na alishapitwa mara mbili na watu waliokuja nyuma yake. Safari hii meneja alimwambia mbele ya wote kwamba akirudi amefaulu Kihispania, kiti ni chake, na akirudi hajafaulu, asiulize tena.

Basi wakapendana kama watoto wanaoanza kusema.

"Leo wewe mzuri," Fundi alimwambia kwa Kihispania chake kichanga. "Jana wewe mzuri. Kesho, mimi kufikiri, mzuri."

Cheka tu, lakini mpokezi alishaimbiwa na wanaume kwa Kiswahili cha kumtoa nyoka pangoni, na hakuna aliyemfikisha hapo. Mwenye maneno machache hana ya kudanganyia. Jumamosi walikutana kwenye duka la mashine za kufulia, wakakaa kwenye benchi wakitazama nguo zao zikizunguka nyuma ya kioo, wakitajiana kila kilichopita: shati, soksi, shati, gauni la njano. Siku Fundi aliposahau na kuliweka gauni lile pamoja na ovaroli lake la bluu, likatoka na rangi isiyo na jina, na mpokezi alicheka mpaka akashika mbavu. Aliendelea kulivaa hivyo hivyo.

Tatizo la Fundi lilikuwa Kiswahili. Kilimtoka tu, hasa akifurahi. Mpokezi akabuni dawa yake: akisikia neno la nyumbani anaziba masikio kwa vidole, anafumba macho, anahesabu kwa Kihispania kwa sauti mpaka ishirini. Akifumbua, Fundi awe amepata la kusema kwa lugha ya kiapo. Fundi akamwita Polisi. Polisi wangu, alimwambia, siku moja utanifunga.

Jumamosi moja, benchi lile lile, akamwambia kwa taabu, akitafuta kila neno kama funguo gizani, kwamba mama yake anajua. Mama anauliza habari za binti wa begi. Mama anataka kusikia sauti.

Mpokezi akaona haya mpaka shingoni. Angeongea na mama mkwe mtarajiwa lugha gani, na kiapo? Akamjibu polepole, ili aelewe: "Baada ya mtihani. Nitaongea naye siku nzima."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Hakumsukuma, na baadaye mpokezi angetamani sana kama angemsukuma.

Siku chache kabla ya mtihani, alasiri, mpokezi alikuwa mezani kwa mwenyeji wake, vitabu vimetapakaa, kichwa kinamgonga. Kengele ikalia. Alikuwa Fundi, anahema kama aliyekimbia, koti halijafungwa, mkono mmoja umezama mfukoni.

"Sikiliza," akaanza kwa Kiswahili, "mama yangu..."

Vidole vya mpokezi vikapanda masikioni. Alikuwa anatabasamu, naapa alikuwa anatabasamu. "Kihispania," akasema.

Fundi akajaribu. "Mama yangu... mama yangu, vibaya. Mimi kuondoka. Wewe, sasa, tafadhali..."

Na mpokezi, ambaye kichwa kizima kilikuwa kimejaa mtihani, akamsahihisha. Hivyo tu. Alimsahihisha sentensi kama mwalimu, akamwambia arudie vizuri, na kama ni habari ya kufua basi iwe kesho, leo ana kazi.

"Nakuomba," Fundi akasema, kwa Kiswahili tena, sauti imeshuka. "Dakika moja tu. Kwa lugha yetu."

Alifumba macho. Akahesabu. Moja ya Kihispania, mbili ya Kihispania, kwa sauti ya mzaha, akinyoosha kila namba, mpaka ishirini. Alipofumbua, mlango ulikuwa wazi na ngazi zilikuwa tupu.

Alikimbilia dirishani. Alimwona chini barabarani, simu sikioni, kichwa kimeinama, anatabasamu. Anatabasamu na mtu mwingine! Moyo ukamchoma. Kumbe ana wa kuzungumza naye kwa raha, mimi nahesabu tu. Akafunga pazia.

Kesho yake kiti cha Fundi darasani kilikuwa kitupu, na keshokutwa pia. Mwenyeji wa Fundi alisema kijana amefunga mizigo ameenda uwanja wa ndege. Bila kuaga! Fundi alipompigia, mara moja na mara nyingine, mpokezi aliiangalia simu mpaka ikanyamaza. Kisha akaizima na kuisukuma chini ya mto, afanye mtihani kwanza, ugomvi baadaye. Kiburi alikuwa nacho, hilo tusimfichie.

Alifaulu. Mkuu wa shule alimwita ofisini, akampongeza, akavua miwani. Akamwambia, taratibu, jinsi walimu wanavyosikitika kwa ajili ya mwenzake. Mama yake alifariki wakati wa upasuaji, yeye akiwa bado angani. Hakukuambia?

Mpokezi alielewa kila neno. Hakuna hata moja alilolipeleka kwanza kwenye Kiswahili ndipo limwingie. Miezi yote hiyo alikuwa anaingojea siku hiyo ambapo Kihispania kingeingia chenyewe, na kiliingia na hilo.

Aliwasha simu akapiga pale pale kwenye korido. Akapokea dada yake Fundi, kwa heshima zote, akasema kaka yuko makaburini na wazee, atamwambia. Fundi alipiga siku nyingine. Asante kwa pole, alisema. Hongera kwa mtihani. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemhudumia mteja.

Akarudi nyumbani, akapewa kiti. Sare mpya, koti la kijivu, beji yenye cheo chake, meneja akampigia makofi mbele ya wote waliompita. Alimwandikia Fundi ujumbe, naye akajibu kila mmoja, majibu mafupi, ya adabu, kisha akawa hajibu. Mama yake mpokezi alimuuliza, "Mwanangu, mbona umepata ulichokitaka na huli?" Akasema ni kazi nyingi tu.

Mpaka lifti ya hoteli ilipokwama. Meneja akapiga simu kwenye kampuni, na aliyeingia na mkoba wa vifaa begani alikuwa yeye. Ovaroli la bluu. Ndevu kidogo. Walisalimiana kama watu wa ofisi mbili, akaingia kwenye kazi yake, na mpokezi akashindwa kukaa. Alimfuata kwenye ujia wa nyuma, alipokuwa amefungua kisanduku cha nyaya ukutani.

"Nina swali moja," alimwambia. "Ukinijibu sitakusumbua tena. Siku ile ulikuja kuniambia nini?"

Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Sikuja kukuambia. Nilikuja kukupa simu."

"Simu gani?"

"Ilikuwa mfukoni. Mama yuko hewani. Kesho yake asubuhi walikuwa wanampasua, akaniambia, mwanangu, sijui kama nitaamka, nipe huyo binti nimsikie sauti tu, inatosha. Nikavuka barabara mbio."

Mpokezi alitaka asimalizie, na alitaka amalizie.

"Kwa hiyo alinisikia."

"Alikusikia. Mpaka ishirini."

Lifti nyingine ilipita nyuma ya ukuta, ikaenda juu na watu wake.

"Nikiwa kwenye ngazi akaniuliza, mbona kaongea kirefu hivyo, amesema nini? Nikamwambia anakusalimia, mama. Huku salamu za wakubwa ndivyo zilivyo, ndefu."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Mimi nikacheka naye, pale barabarani." Akakunja kitambaa. "Akasema, ana adabu huyo. Mwambie nimezipokea zote."

Hapo ndipo mpokezi alipolia, na koti lake la kijivu na beji yake, kwenye ujia wenye harufu ya grisi. Alilia kwa ajili ya mama ambaye hakuwahi kumwona, aliyepokea namba akazishukuru. Fundi hakumgusa, ila alimngoja.

"Ningemwambia shikamoo mama," alisema alipoweza. "Hiyo tu. Ingenichukua nini?"

"Najua."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Ningekuwa na kinyongo nisingekuambia kwamba alicheka."

"Na sisi?"

Fundi akarudisha waya mmoja mahali pake. "Nimejaribu," akasema. "Wallahi nimejaribu. Nikishika simu nikupigie, nasikia unahesabu. Pengine siku moja sitasikia. Lakini siwezi kukuambia unisubiri, hiyo si haki."

"Mimi nakupenda," mpokezi akasema, kwa Kiswahili. Kwa lugha hiyo hakuwahi kumwambia hata siku moja.

"Na mimi," akasema Fundi. "Ndiyo maana inauma."

Akafunga kisanduku, akaijaribu lifti juu na chini, ikakubali. Akabeba mkoba wake, akapita mapokezi, akamuaga bawabu. Alipofika mlangoni akageuka. "Kwaheri, Polisi," alisema. Zamani alikuwa anaongeza neno la pili.

Jioni hiyo likaja basi la wageni. Wabeba mizigo wakayapanga mabegi sakafuni, kiongozi wa msafara akasimama na kalamu, na kijana wa mapokezi akaja kumwita, "Bosi, wanataka tuhesabu pamoja nao, sisi hatuwezi." Mpokezi alinawa uso, akatoka, akawakaribisha kwa Kihispania kilichonyooka, akawauliza habari za njia, akawachekesha. Kisha akanyoosha kidole kwenye begi la kwanza.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu."

Kiongozi alidhani kasahau, akaanza kumsaidia kwa Kihispania. Mpokezi akamshukuru, akaendelea kwa Kiswahili mpaka begi la mwisho. Wanaofanya kazi naye watakuambia hivyo mpaka leo: bosi wao anaongea Kihispania kama maji, ila kuhesabu anahesabu kwa Kiswahili, na ukimuuliza sababu anakwambia ni mazoea tu.