Mtihani wa Fundi Fulani

Foleni ya duka la fotokopi mbele ya chuo ilikuwa imefika barabarani. Katikati yake alisimama mhadhiri wa ujasiriamali, amekumbatia karatasi za wanafunzi mia mbili, jasho likimtoka. Nyuma yake mwanamke akakohoa kwa makusudi.

"Samahani, kaka. Suruali yako imefumuka."

"Wapi?"

"Pale ambapo hutaki nikuonyeshe mbele za watu."

Alikuwa fundi cherehani wa duka la jirani, amevaa gauni la bluu lililomkaa sawasawa, futi ya kupimia shingoni. Aliishona suruali ile dukani kwake huku mwenyewe amekaa pembeni amejifunga shuka, msomi mzima! Walicheka mpaka uzi ukakatika.

Mapenzi yakaanzia hapo, yakakolea kwa simu za kila jioni.

"Profesa wangu wa suruali, hujambo?"

"Sijambo, laazizi. Leo umeshona nini?"

"Leo si Alhamisi? Nilifunga duka, nikampeleka mama kliniki. Ameniita dada. Jina langu limempotea kabisa."

Alimwambia yote. Kwamba hamwachii msaidizi yeyote mkasi, kwa kuwa wa mwisho aliondoka na wateja wake. Kwamba siku nyingine hukaa mbele ya cherehani akalia tu. Mhadhiri alimsikiliza kwa moyo wake wote. Tatizo ni kwamba alimsikiliza kwa kalamu pia. Yeye mwenyewe hakuwahi kuuza hata karanga, na wanafunzi walikuwa wamechoshwa na mifano ya vitabuni.

Walikubaliana kuoana chuo kikifungwa. Kabla ya hapo akamwalika fundi aje kuzungumza na darasa. Elimu ilimjaa mpaka utosini bwana huyu, lakini hakukumbuka wanafunzi wale walikuwa wameshafanya mtihani gani.

Fundi alizungumza vizuri, wakampigia makofi. Ndipo binti mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono.

"Dada, kumbe wewe ndiye Fundi Fulani? Na wewe umesema unafunga duka Alhamisi."

"Fundi Fulani ndiye nani?"

"Wa kwenye jaribio letu. Mimi nilipata tisa kwa kumi."

Akampa karatasi. Fundi akasoma kwa sauti: "'Fundi Fulani hufunga duka kila Alhamisi kwa ajili ya mama asiyemtambua. Hamwamini msaidizi. Mara nyingine hulia kazini. Taja sababu tano zitakazoiua biashara hii.'" Akashuka kwenye majibu. "'Ya kwanza, mama.'"

Fundi akaikunja ile karatasi.

"Asante, mdogo wangu," alisema, akamrudishia. "Una mwandiko mzuri."

Mhadhiri alimkimbilia kwenye korido. "Mpenzi, jina lako nililificha!"

"Jina umelivika nguo. Mimi umeniacha uchi."

Siku nane fundi hakupokea simu. Siku ya tisa mhadhiri akaenda dukani.

"Nisamehe. Nimewaambia darasani nilikosea. Lile jaribio nimelifuta."

"Nimeshakusamehe."

"Basi tuoane, laazizi."

"Hapana." Alizima cherehani. "Juzi mama alianguka bafuni. Nikashika simu nikupigie, nikajikuta nachagua la kukwambia na la kukuficha. Nakupenda bado, sikudanganyi. Ila siwezi kulala kitanda kimoja na mtu ninayemchagulia maneno."

"Nitabadilika."

"Najua. Ila mimi nimeshabadilika."

Mhadhiri akaaga, akatoka. Alikuwa ameshavuka barabara alipokumbuka kwamba hakuuliza mama ameumia kiasi gani. Akageuka. Mlango ulikuwa wazi, fundi ameinamia kitambaa, anafuta macho kwa kiganja. Mhadhiri akaona haya kurudi, akaenda zake.

Lile jaribio alishalijutia. Hili la kutomuuliza hali ya mama ndilo linalomtafuna hadi leo.