Picha ya Kuamsha

Jua lilikuwa linazama wakati Nukta na mdogo wake walipobisha hodi kwa Mama Mabango. Shida yao ilikuwa ndogo. Walitaka kuazima mabango ya filamu za kutisha na nakala za trela zake, kwa ajili ya mradi wa Nukta chuoni, somo la habari. Jina la Nukta alibandikwa na wanadarasa wenzake, kwa sababu hakuna kazi ya mtu iliyopita mbele yake bila kukosolewa mpaka nukta ya mwisho. Wao walimsema. Yeye alilipokea kama cheo.

Filamu zenyewe alizidharau. Alidharau herufi nyekundu zinazochuruzika kama uji uliomwagika, mafuvu yaleyale, wanawake walewale wenye midomo wazi. Trela ndiyo kabisa: kelele, radi, kelele tena, halafu mwanamume mwenye sauti ya mafua anakuambia usikose. Hata neno la kuzielezea darasani alikuwa nalo tayari. Takataka.

Mdogo wake alizipenda zote. Mtaani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa; jina lake la nyumbani walilijua wa familia tu. Alikuwa amemaliza shule, anasubiri matokeo, na mama yao alimleta mwenyewe kwenye nyumba aliyopanga Nukta, chumba na sebule, akamshika mkono Nukta akasema, "Huyu nimekupa wewe. Kikimpata kitu, usinipigie simu. Njoo uniambie usoni."

"Shikamoo, mama," walisema pamoja.

"Marahaba, wasomi wangu. Piteni, msikanyage waya."

Mama Mabango alikuwa mwanamke mpana, vidole vyekundu kwa wino. Alitengeneza filamu, akazichapia mabango, akaziuza, yote katika vyumba viwili vilivyonuka rangi na karatasi mpya. Kuta hazikuonekana kwa mabango. Nukta akaanza kuyapiga picha kwa simu, moja moja, pua ameikunja kama anayekagua choo cha stendi.

Kisha akaona kitu.

Kila bango lenye maiti lilikuwa na picha ndogo imebandikwa pembeni. Mwigizaji yuleyule, sanda ileile... ila amesimama, anacheka.

"Hizi za nini, mama? Zinaharibu mpangilio."

"Hizo ni za kuamsha. Ukimlaza mtu mbele ya kamera ukasema huyu amekufa, hufungi kazi mpaka umwite kwa jina lake, ainuke, acheke, umpige picha kwa kamera ileile. Sisi wa kazi hii hatuendi nyumbani bila hiyo."

"Kumbe yupo anayeziogopa hizi filamu," Nukta alisema. "Nilidhani hakuna."

Kitinda akamfinya. Mama Mabango akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Ulimi unao, binti. Sema utakavyo. Lakini aliyemlaza mtu ndiye amwamshe."

"Asipomwamsha?"

Kicheko kikakatika.

"Wapo wengine wenye nafasi."

Akawafungia mabango kwenye gazeti, akawasindikiza hadi mlangoni, na njia nzima Nukta akawa anaigiza sauti yake. "Wapo wengine wenye nafasi! Wampe nafasi hiyo mwandishi wake, labda atajua kutunga."

Kitinda hakucheka.

Mradi ulidai pia mwanafunzi atengeneze bango lake na trela fupi. Nukta aliona hiyo ndiyo nafasi ya kuwafundisha watu kazi. Jioni iliyofuata alisogeza meza chumbani, akamlaza Kitinda juu yake, akamfunika shuka jeupe mpaka kifuani na kumpaka unga wa ngano usoni. Akampiga picha kutoka juu. Kutoka miguuni. Karibu, kope tu. Hakuna damu, hakuna radi. Mtoto amelala kimya mno, basi. Ilikuwa kazi nzuri, naye alilijua hilo.

Akachomoa memori kadi.

"Dada," Kitinda alisema, macho bado kafumba. "Niamshe basi."

"Inuka ukanawe."

"Siyo hivyo. Uniite. Unipige na ile ya kucheka."

"Kitinda, mimi nina kazi ya kuwasilisha kesho. Sina muda wa uchawi wa wachapa karatasi."

"Basi siinuki. Nakusubiri."

"Subiri. Ukioza, uniambie."

Akatoka, akavuta mlango. Kamera ikabaki kwenye stendi yake, imemwelekea Kitinda, bila kadi.

Sebuleni aliketi mbele ya kompyuta, mlango wa chumba ukiwa mgongoni mwake, hatua moja tu. Chumba hakikuwa na mlango mwingine, na dirisha lilikuwa na nondo. Akavaa spika za masikioni, akaanza kukata na kuunga. Katikati ya kazi alihisi kama amesikia mlio.

Kach...

Halafu kicheko cha Kitinda. Kirefu, cha furaha, kama cha mtu anayetekenywa.

Anachezea simu, Nukta aliwaza. Akaongeza sauti.

Alipomaliza, taa za nje zilikuwa zimewaka. Alifungua mlango akamkuta Kitinda amekaa ukingoni mwa meza, anabembeza miguu, unga umemkauka mashavuni.

"Umechoka kusubiri, eeh?"

"Kusubiri nini? Si umeshaniamsha."

"Nimekuamsha saa ngapi?"

"Dada naye! Umeingia, umeniita jina langu la nyumbani, umenipiga picha. Halafu umecheka na mimi." Akatabasamu. "Hujawahi kucheka na mimi vile."

Nukta akaigusa kamera.

Kioo cha flashi kilikuwa cha moto.

Usiku huo alijiambia ni betri. Asubuhi alijiambia ni mzaha wa kitoto. Lakini Kitinda alipokunywa chai alikuwa akitazama nyuma ya bega la dada yake, mara akitikisa kichwa, mara akizuia kicheko, kama watu wawili wanaomsengenya wa tatu. Nukta akampigia simu Mama Mabango, akijaribu kuifanya sauti yake iwe ya utafiti.

"Aliitwa na nani?" Mama Mabango aliuliza.

"Anasema mimi."

Mashine ya kuchapia ilikuwa inaunguruma nyuma yake. Ikazimwa.

"Sikiliza, mwanangu. Mlaze tena, mwite tena, kwa kamera ileile. Fanya kabla jua la leo halijazama. Akishamzoea huyo aliyemwamsha, wewe hatakujua."

"Nitampiga hiyo picha nikirudi kutoka chuoni."

"Mpige sasa."

"Nimesema nikirudi, mama. Asante."

Chuoni walimpigia makofi. Mhadhiri alisema hajapata kuona bango la mwanafunzi lililotulia kiasi kile. Nukta angeweza kuondoka hapo hapo, mchana ukiwa bado mweupe. Lakini aliyefuata alikuwa kijana mwenye bango la mafuvu na herufi zinazochuruzika, na Nukta hakuweza kujinyima. Alinyoosha mkono. Akauliza swali, akauliza la pili, darasa likacheka, akanogewa. Alimchambua yule kijana mpaka akakaa chini, na alipochungulia dirishani jua lilikuwa limegusa mapaa.

Alikimbia.

Sebuleni kulikuwa giza. Chini ya mlango wa chumba palikuwa na mstari wa mwanga, na ndani... watu walikuwa wakiongea. Kitinda, na mwingine. Akasukuma mlango. Umefungwa kwa komeo.

"Kitinda! Fungua."

Maongezi yakakoma.

"Nani?" Kitinda aliuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni.

"Mimi dada yako. Fungua nikupige ile picha."

Nyayo zikasogea. Kisha mnong'ono, lakini haukuelekezwa kwake.

"Dada... kuna mtu mlangoni. Anasema yeye ni wewe."

Aliyejibu hakunong'ona. Alijibu kwa sauti ya Nukta mwenyewe, ile ya darasani, kavu, iliyokunja pua.

"Mwache. Hajui hata kuigiza. Sikiliza alivyoikosea sauti yangu."

Kitinda akacheka. Kirefu, cha furaha.

Nukta akapiga mlango kwa ngumi zote mbili. Alimwita kwa jina lake la nyumbani. Akaliita tena, kwa nguvu zake zote, na safari hii alisikia kinachotoka kinywani mwake.

Haikuwa sauti yake.