Dakika Arobaini za Pélagie

Asubuhi moja ya mwaka 2014, kituo cha mabasi cha Rwekubo, kusini mwa Uganda, kilijaa magunia ya maharagwe na makelele ya makondakta. Pélagie, msichana aliyevaa gauni la kitenge cha kijani, alimkabidhi Ulrich, kijana aliyekuwa akingoja basi, viatu vyake bila hata kumjua.

"Nishikie, kaka. Nipanguse matope kwanza. Leo njo naanza kazi Mbarara."

"Fasi gani?"

Alipoitaja ofisi, Ulrich alicheka. Ndiye aliyeitengenezea programu ya kutuma ujumbe wa simu kwa wakulima.

Wote wawili walikuwa Wakongo wa Kivu Kusini waliokulia katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kufikia Pasaka Ulrich alikuwa akimwita sheri, mpenzi wake, naye Pélagie akimtania kwenye simu: "Weye unapenda kompyuta kunipita miye!"

Kazi ya Pélagie ilikuwa kuandaa orodha za namba za simu za wakulima. Programu ilizipanga foleni, ikazishughulikia yenyewe moja baada ya nyingine, na kuandika kila moja ilichukua muda gani. Mwezi wa Juni bosi wao, Kabera, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, aliweka mezani mbele ya wote karatasi iliyochapwa na programu hiyo.

"Orodha za wengine, dakika mbili. Za Pélagie, arobaini! Orodha zake mbovu, nachosha mashine."

Pélagie alimtazama Ulrich. Ulrich aliiamini programu yake. Akainamisha macho.

Pélagie alifukuzwa siku hiyohiyo, na simu za Ulrich hakuzipokea tena.

Wiki mbili baadaye Ulrich aliligundua kosa. Alikuwa ameipanga programu ihesabu muda tangu orodha ilipoingia foleni, si tangu mashine ilipoanza kuishughulikia. Pélagie alihakiki kila namba mara mbili, hivyo orodha zake ziliingia mwisho, zikangoja nyuma ya zote. Kazi yenyewe ilichukua dakika moja na nusu. Ulrich alitenganisha muda wa kungoja na wa kazi, akakiri kosa lake mbele ya ofisi nzima.

"Pélagie narudi kazi. Mwambie," Kabera alisema.

Ulrich alimkuta Pélagie katika kijiji cha Misiera, huko Nakivale, dukani kwa mama yake, akipima mchele. Akamweleza yote.

"Aksanti kunisafishia jina. Nitarudi kazini."

"Na kwangu, sheri?"

Pélagie alifunga mfuko wa mchele taratibu.

"Ulijua namna natumika kazini, Ulrich, namna nahakiki kila namba. Karatasi ilikosea, sawa. Lakini weye ulikuwa na mdomo."

Ulrich aliaga, akarudi Mbarara.

Jumatatu Pélagie alirudi, akaomba meza ya upande wa pili wa chumba. Alimsalimu Ulrich kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mgeni. Mchana Ulrich alikula peke yake kwenye ngazi, mvua ikipiga mabati ya Mbarara.