Visima Vinne vya Karembo

Kila asubuhi Watiri huketi kwenye kigoda chake, akaegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe wake, Karembo, na kusema, "Kitendawili!"

Karembo hajibu. Anatafuna tu.

Zamani mumewe, mzee Wahome, ndiye aliyejibu "Tega!" kutoka jikoni. Sasa Wahome amelala chini ya migomba, mwaka wa pili huu. Watoto, Mutahi na wadogo zake, wako mbali, na simu zao ni fupi. Katika boma lile la Mukurweini, joto pekee la kuegemea lilikuwa la ng'ombe.

Na hilo nalo lilikuwa linaondoka. Mara tatu mkusanyaji maziwa alikuwa ameyakataa maziwa ya Karembo. Yalikuwa na madonge.

"Mama Mutahi, uza huyu," jirani yake Kingori alimwambia. "Anamaliza nyasi bure."

Dalali angekuja Jumamosi.

Alhamisi, msichana mmoja alibisha langoni. Alikuwa amevaa hijabu na viatu vya gambuti, akamwita Watiri kama mjukuu amwitavyo nyanya yake.

"Hodi, Cucu. Naitwa Sumeya, natoka Nyeri mjini. Nasomea mifugo chuo kikuu."

"Na karatasi ya maswali uko nayo?" Watiri aliuliza bila kuinuka. "Wenzako walikuja mwaka jana. Wakauliza, wakapiga picha, wakaenda. Hata chai yangu hawakumaliza."

Sumeya akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Mimi nitarudi kila Alhamisi mpaka muhula uishe. Hilo ndilo somo lenyewe. Tunafanya kazi na watu, nao wanatufundisha. Halafu tunaandika tulichojifunza."

"Ati mimi nikufundishe? Mimi niliachia darasa la nne!"

"Basi anza, Cucu. Nionyeshe vile unakamua."

Watiri akafuta kiwele kwa kitambaa cha jana. Akachovya vidole ndani ya maziwa ili vilainike, kama mama yake alivyokuwa akifanya.

"Hapo ndipo ugonjwa unapita," Sumeya alisema taratibu. "Vidole vya maziwa na kitambaa kichafu vinautoa chuchu hii, vinaupeleka ile. Tutafute chuchu inayoumwa. Tunataka kitu cheusi juu ya kikombe, ndio tuone madonge meupe. Chuoni viko vikombe vya hiyo kazi, lakini vimeazimwa vyote."

Watiri akaingia ndani, akakawia. Alitoka na kitambaa cheusi, kile alichojifunga kichwani siku ya kumzika Wahome. Akakitandaza juu ya kikombe.

"Nilikuwa nimekiweka tu," alisema.

"Hiyo haiko kwa daftari yangu," Sumeya alijibu, akaiandika.

Wakakamua kidogo kila chuchu juu yake. Tatu zilikuwa safi. Ya nne iliacha madonge juu ya ule weusi.

"Ni ugonjwa wa kiwele. Unatibika, Cucu. Lakini dawa ni ya daktari. Mimi bado nasoma."

Daktari wa mifugo, Mugo, alikuja jioni hiyo. Alitoa dawa, akasema maziwa yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku alizotaja ziishe. Jumamosi dalali alikuja, akarudi na kamba yake tupu.

Tangu hapo Watiri alinawa mikono kabla ya kukamua. Maji ya uvuguvugu aliyapata kwenye moto ule ule wa chai. Kitambaa kilikuwa safi kila mara. Chuchu iliyougua aliikamua mwisho, kwenye bakuli la peke yake. Siku za dawa zilipoisha, maziwa yakapimwa, yakapokelewa.

Alhamisi ya mwisho Sumeya alimsomea alichoandika. Mstari wa kwanza ulisema: Mwalimu wangu ni Watiri wa Wahome.

Muhula ukaisha. Alhamisi iliyofuata Watiri alimimina vikombe viwili vya chai kwa mazoea. Kimoja kikapoa. Akaenda zizini, akaegemeza kichwa.

"Kitendawili!"

"Tega!"

Watiri akashtuka. Ni Kingori, ameshika kikombe na kitambaa cheusi cha kwake, kama alivyoona kwa Watiri.

"Nina visima vinne. Kimoja kikichafuka, vyote hukataliwa."

Kingori akajikuna kichwa. "Sijui. Chukua mji. Nakupa Sagana."

"Sagana kuna joto. Nipe Kiriaini."

"Haya, Kiriaini yako."

"Kiwele!"

"Si ndicho kimenileta, Mama Mutahi! Ng'ombe wangu ameanza madonge jana. Nifundishe."

"Kwanza nawa mikono," Watiri alisema. Kisha akakumbuka kile kikombe cha pili cha chai. "La, kwanza kuna chai. Imepoa, lakini naipasha sasa hivi."