Mistari Mitatu kwa Jina la Mshonaji

Mwanamke aliyesimama kaunta ya polisi alisema ameibiwa, lakini hakutaja simu wala mkoba. Aliweka karatasi mbili juu ya meza, akazinyoosha kwa kiganja kama anyooshaye kitambaa kabla ya kukikata.

"Nimeibiwa jina," alisema.

Sajini wa zamu alicheka. Inspekta hakucheka. Alimkaribisha ofisini, akamvutia kiti.

Alikuwa mshonaji wa miaka thelathini na tisa, hana mume wala mtoto. Chumba alichoshonea kwa miaka kumi na mitano kilikuwa kinauzwa, na mwenye nyumba alimpa hadi mwisho wa mwezi: anunue yeye au ahame. Benki ilikuwa tayari kumkopesha. Kisha ikachukua taarifa yake ya mikopo, ikakataa.

Inspekta aliisoma taarifa hiyo polepole. Mikopo mitatu ya elimu ya juu, mstari mmoja kwa kila mwaka wa masomo. Yote ilikuwa imechelewa zaidi ya siku tisini. Mbele ya kila mstari: mkopo chechefu, yaani usiolipwa.

"Ulisoma chuo gani, mama?"

"Chuo nakijua langoni tu. Nilikuwa nikiwapelekea walimu suruali zao."

"Hukuwahi kuomba mkopo?"

"Hata chumvi sijawahi kukopa. Mungu ananiona."

"Umebakiwa na siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Alipoondoka, Inspekta aliinamisha kichwa, kama alivyofanya kabla ya kila jalada, akamwomba Mungu asimwache amwonee mtu. Tangu mkewe afariki, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake marefu zaidi kwa siku.

Kisha akafungua ukurasa wa pili, penye historia ya marejesho. Miaka minne mfululizo, kila tarehe tano, bila kukosa. Halafu miezi minane ya ukimya.

"Sajini, umewahi kuona mwizi anayelipa?"

"Afande, mimi mwenye deni langu halali silipi namna hiyo."

Nakala ya fomu ilifika kutoka bodi ya mikopo siku mbili baadaye. Picha ilikuwa nakala ya nakala, uso mweusi tii. Mtaalamu wa maandishi alithibitisha kwamba saini haikuwa ya mshonaji. Lakini Inspekta alikuwa anaitazama tarehe ya kuzaliwa. Mwombaji aliandika tarehe kumi na nne mwezi wa nane, akaikata, kisha akaandika juu yake tarehe moja mwezi wa kwanza, kama ilivyo kwenye kitambulisho.

Alimfuata mshonaji chumbani kwake. Cherehani ilinyamaza.

"Ulizaliwa lini, mama?"

"Kitambulisho kinasema mwezi wa kwanza. Karani aliyetuandikisha alituandika hivyo sote ambao mama zetu hawakuwa na karatasi."

"Na mama yako alisema lini?"

"Kumi na nne, mwezi wa nane."

"Nani anaijua tarehe hiyo?"

"Mama, naye ni marehemu." Alikata uzi kwa meno. "Na mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

"Sijui. Mwaka wa nane huu. Tuligombana, akaondoka."

"Mligombania nini?"

"Alitaka kusoma. Aliachia kidato cha pili, sikuwa na ada. Nikamwambia ashone kwanza."

Inspekta alifungua jalada. "Fomu hii iliambatanishwa na cheti cha kidato cha nne. Cha kwako kiko wapi?"

"Sandukuni. Hakijawahi kutoka."

Alipiga magoti, akatoa vitambaa kimoja kimoja. Chini kabisa palikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwa na kadibodi iliyokatwa kwa ukubwa wa cheti. Mkato ulikuwa safi, umenyooka, mkato wa mkono uliofunzwa mkasi ndani ya chumba hichohicho.

Mshonaji alikaa sakafuni.

Akaunti iliyokuwa ikilipa deni ilikuwa kwa jina la mshonaji. Mshahara uliingia kila mwezi kutoka hospitali moja, katika mji ulio mwendo wa saa tano kwa basi. Hata katika ile miezi minane uliingia wote. Mlipaji hakukosa pesa. Aliacha kwa kukusudia.

Inspekta na sajini walimkuta yule mdogo masjala ya hospitali, akipanga majalada ya wagonjwa. Inspekta alimwita kwa jina la dada yake, akaitika mara moja. Kisha akamwita kwa jina lake mwenyewe. Mikono ikasimama.

"Hilo sijalisikia miaka minane," alisema.

Katika chumba cha mahojiano mshonaji aliketi pembeni, mkoba mapajani. Inspekta alimsomea mtuhumiwa haki zake.

"Unakiri?"

"Nakiri. Cheti, nakala ya kitambulisho, saini. Yote ni mimi."

"Kwa nini?"

"Bila cheti huombi chuo wala mkopo. Mimi sikuwa nacho. Chake kililala chini ya vitambaa miaka kumi na miwili. Nilidhani amekisahau."

"Mbona ulilipa, kisha ukaacha?"

"Nililipa ili asijue. Kazini naitwa jina lake. Kwenye ibada, jina lake. Mwaka jana nililazwa wiki mbili. Walipoomba jina la ndugu wa karibu, niliandika langu mwenyewe, lile la kuzaliwa; sikuwa na mwingine. Nilipotoka nikaacha kulipa. Nilijua siku moja taarifa itamfikia, naye atatuma watu wanitafute."

"Si ungepiga simu?"

"Nilipiga mara mbili. Akasema haloo. Nikakata."

"Nilidhani ni matapeli," alisema mshonaji. Yalikuwa maneno yake ya kwanza.

"Sikujua kuhusu chumba, dada. Haki ya Mungu sikujua."

"Wala sikukisahau cheti. Nilikuwa nakungoja ukue, kisha niende chuo mimi."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Inspekta alisogeza karatasi ya malalamiko.

"Mama, ukitia saini, leo hii naiandikia benki kwamba mikopo hii ni ya kughushi. Mdogo wako atabaki mahabusu, na kazi yake itakuwa imekwisha. Ukisema ulimpa jina kwa hiari yako, sina kesi. Lakini deni litakuwa lako, na chumba kitauzwa."

Mshonaji alifumba macho. Midomo ilicheza bila sauti kwa muda mrefu, na Inspekta hakumharakisha.

"Saini, dada," alisema yule mdogo. "Nimechoka kuwa wewe."

Mshonaji alichukua kalamu. Aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, akairudisha kalamu mezani.

"Saa za kuwaona mahabusu ni zipi?"

"Saa nne hadi saa sita."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili."

"Basi," alisema, bado akiitazama karatasi, "mwambieni kesho saa nne awe ameamka."